Kapu hilo unalinunulia soko gani?

Mwezi wa nane mwaka 2023 niliitwa kwenye redio moja ya hapa Morogoro kuzungumzia mfumuko wa bei. Nilikwenda na karatasi nne, kalamu mbili, na ile raha ya mtu anayejua anachokwenda kusema. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilikuwa imetoka kutangaza kwamba mfumuko wa Julai ni asilimia 3.3. Januari ulikuwa 4.9. Nikaona kazi yangu ni nyepesi, nakwenda kupeleka habari njema.

Nikasema mfumuko umeshuka. Nikasema hali inatulia. Nikasema mfumuko hupimwa kwa kapu, yaani orodha ya vitu ambavyo kaya hununua. Nikataja vita vya Ukraine, nikataja mafuta ya kula ambayo zaidi ya nusu tunaagiza nje, nikataja ile ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi iliyoanza kutolewa Juni 2022 baada ya petroli kupaa. Mtangazaji alikuwa akiitikia "naam, naam" kama mtu aliye msikitini. Kisha akafungua simu.

Wa kwanza alisalimia shangazi zake wote wa Mvomero, akakata. Wa pili aliuliza mbolea ya ruzuku itafika lini, swali zuri ambalo halikunihusu. Wa tatu alikuwa mama, na nyuma yake zilisikika sufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekusikia unasema vitu vimeshuka."

"Mfumuko, mama. Mfumuko wa bei ndio umeshuka."

"Haya, huohuo. Na umesema mnapima kwa kapu."

"Ndiyo mama. Kapu la bidhaa na huduma 383."

"Mia tatu themanini na tatu! Sasa mwanangu, hilo kapu lako unalinunulia soko gani? Maana na mimi nataka niende hukohuko."

Mtangazaji alicheka mpaka akasogea mbali na maikrofoni. Nami nikacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu kwenye daladala asitake ugomvi. Halafu nikatoa jibu ambalo nikilikumbuka hadi leo natazama chini: "Mama, hili suala ni la kitaalamu kidogo."

Nyumbani mke wangu alikuwa amesikiliza kipindi chote. Hakunisema. Aliniwekea chai, akaniuliza tu, "Yule mama, kwa nini hukumjibu?"

Nilikuwa na miaka kumi na mbili katika utafiti wa bei. Nilikuwa nimeandika ripoti, zote kwa Kiingereza, kuhusu bei za nafaka na matumizi ya kaya. Nikakaa pale mezani nikijaribu kumjibu mke wangu, nikagundua kwamba sina jibu ambalo lingemtosha hata yeye, mtu aliyeniona nikizeeka juu ya majedwali hayo.

Kosa la kwanza nililiona usiku uleule, nalo lilikuwa la lugha. Neno lenyewe, mfumuko, linatoka kwenye kufumuka, na kitu kikishafumuka kila mtu anakiona, iwe unga wa maandazi au mshono wa shati. Ukimwambia mtu mfumuko umeshuka, anachokiona kichwani ni unga uliokuwa umeumuka sasa umerudi chini. Anatazama bei ya mchele, haijarudi chini, anakuona mwongo. Na mimi sikusema uongo. Nilichokuwa nikikitaja ni mwendo, yeye akauliza habari za mahali tulipofika.

Ikabidi nitafute namna ya kulisema. Mfano niliouridhia ni wa Kitonga. Kila aliyepita barabara ya Iringa anajua lori lenye shehena linavyopanda pale: linaanza kwa kasi, linapunguza, linapunguza tena, mpaka utingo anaweza kushuka akatembea kando yake. Limepunguza mwendo sana, lakini bado linapanda. Mchele ukitoka shilingi 2,000 kwenda 2,200 umepanda kwa asilimia 10. Mwaka unaofuata ukitoka 2,200 kwenda 2,266 umepanda kwa asilimia 3. Mtaalamu anasema mfumuko umeshuka kutoka 10 hadi 3, na ni kweli. Mama aliye sokoni anasema jana 2,200, leo 2,266, na ni kweli vilevile. Ili bei irudi chini, lori inabidi ligeuze, na lori kugeuza Kitonga lina matatizo yake mengine ambayo wenye uchumi tunayaogopa kuliko hata mfumuko wenyewe.

Nikadhani nimemaliza. Nikaomba namba ya yule mama kwa mtayarishaji wa kipindi, ambaye kwanza alimpigia kumwomba ruhusa, na siku mbili baadaye nikaenda kumtafuta karibu na stendi ya Msamvu nikiwa na Kitonga yangu mfukoni.

Alikuwa mama ntilie. Benchi mbili, turubai la bluu, majiko matatu ya mkaa. Nilimweleza habari ya lori. Alinisikiliza huku akipakua, akaitika, akasema, "Hiyo nimeielewa. Ungesema hivyo redioni nisingepiga simu." Kisha akaniwekea sahani ya wali maharage ya buku jero. "Sasa nieleze hii. Mwaka jana sahani hii ilikuwa buku jero. Leo ni buku jero. Wewe ukija na karatasi yako utaandika haijapanda, siyo?"

Nikasema ndiyo, huenda.

Akanionyesha upawa. Mwaka jana ulikuwa ule mkubwa, miwili kwa sahani. Sasa ni huu mdogo, mmoja na nusu. Vijana wa bodaboda ndio wateja wake wakubwa, na kijana wa bodaboda ukimwambia sahani ni buku mbili anahamia benchi la jirani. Upawa ukipungua analalamika, lakini anakaa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee mmoja niliyewahi kufanya naye kazi, mkusanya bei wa zamani aliyekwisha kustaafu. Enzi zile sisi vijana wenye shahada tulikuwa tukimcheka kidogo kwa sababu hakukubali kuandika bei ya fungu la nyanya bila kulipima. Alitembea na mizani ndogo kwenye mkoba. Anafika kwa muuza nyanya, anauliza fungu bei gani, anaambiwa jero, analipima. Anapima la pili na la tatu, kwa sababu fungu la mbele hupambwa. Kisha anagawanya, anapata bei ya kilo. "Fungu halina bei," alikuwa akisema. "Jero ina fungu." Tulikuwa tukirudia maneno hayo kama utani kwenye chai ya saa nne. Miaka kumi baadaye, nikiwa na sahani ya wali mkononi, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akitufundisha kazi. Sokoni kwetu, shilingi ndiyo iliyosimama. Kinachopanda na kushuka ni kitu chenyewe. Andazi la mia mbili linabaki la mia mbili mpaka utakapolimaliza kwa kung'ata mara mbili.

Yule mama alikuwa na daftari. Nilitarajia daftari la madeni, lile la "Juma jero, Side buku". Alikuwa nalo hilo, lakini alikuwa na jingine la manunuzi, tangu 2021: mchele, maharage, mafuta, vitunguu, nyanya, mkaa, maji. Kila siku, mstari mmoja. Nilimwomba tukae tuhesabu matumizi ya nyumbani kwake, mbali na biashara. Chumba na sebule Kihonda, watoto watatu wanaosoma shule za serikali. Tukapata kwamba kama theluthi mbili ya anachotumia nyumbani inakwenda kwenye chakula.

Nikarudi ofisini, nikakaa kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao ungemjibu. Niliupangia saa moja. Ulinichukua siku tisa.

Tatizo lilikuwa neno moja. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeandika mara mia kwamba kila kundi la bidhaa kwenye fahirisi ya bei, ile hesabu inayotoa mfumuko, lina uzito wake, na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Katika kapu la Tanzania lililoanza kutumika 2021, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Kapu lililotangulia lilikipa chakula 38.5, na la kabla ya hapo 47.8. Namba hizo nilizijua kwa moyo. Lakini nilipoandika "chakula kina uzito wa asilimia 28.2" sentensi ikanikodolea macho. Uzito wa nini? Kwenye mizani ya nani? Nikijua kwamba msomaji wangu ni mtu mwenye mizani halisi mezani, sikuweza kupita.

Jibu nililijua, ila nilikuwa nimelizoea mpaka silioni. Uzito unatoka kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, na kwa kapu hili ni ule wa 2017/18. Wanajumlisha matumizi ya kaya zote, kisha wanaangalia katika kila shilingi mia iliyotumika nchini, ngapi zilikwenda kwenye chakula. Angalia hapo. Kinachohesabiwa ni shilingi, na mwenye shilingi nyingi anaingia kwenye kapu mara nyingi.

Nikaliandika kwa kaya mbili, namba nzima nzima za mfano tu. Kaya yangu inatumia 1,500,000 kwa mwezi, na chakula ni 400,000. Kaya ya yule mama inatumia 300,000, na chakula ni 200,000. Kwangu chakula ni asilimia 27, kwake ni 67. Ukiuliza "kaya ya kawaida hapa inatumia asilimia ngapi kwenye chakula?" mtu angesema 47, katikati yetu. Lakini ukizichanganya shilingi zetu zote, 600,000 katika 1,800,000, unapata 33. Kapu letu sote wawili linafanana na kapu langu. Yeye yumo ndani, ila yuko kwenye kona.

Kwa hiyo swali lake lilikuwa sahihi kuliko nilivyodhani siku ile studio. Kapu lilikuwa limenunuliwa karibu na soko langu.

Nikachukua takwimu za Januari 2023, mwezi ambao mfumuko wote ulikuwa 4.9 huku wa chakula ukiwa karibu na 10. Kama chakula kina uzito wa 28.2 na kimepanda hivyo, basi vitu vingine vyote kwa pamoja vilikuwa vimepanda kama asilimia 3. Mtu ambaye theluthi mbili ya matumizi yake ni chakula, mfumuko wake mwezi ule ulizidi 7. Ni hesabu ya kalamu na bahasha, siyo takwimu rasmi, na mwenzangu yeyote anaweza kuitoboa: bei za kundi zima la chakula si bei za vyakula anavyonunua yeye, na kadhalika. Lakini ndiyo niliyokuwa nadaiwa.

Kwamba mwenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi kwenye chakula si ugunduzi wangu wala wa mtu yeyote aliye hai. Mjerumani Ernst Engel aliliandika mwaka 1857, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi hulijibu kwenye mtihani. Nililijibu mimi pia, nikapata alama, nikalisahau kwa miaka kumi na tano mpaka liliponipigia simu likiwa na sufuria nyuma yake.

Ukurasa ule niliwapelekea wenzangu watatu kwanza. Mmoja aliupenda. Wa pili alisema naipinga namba ya serikali. Nilimwelewa hofu yake. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kutangaza takwimu za kupinga zile rasmi, na watafiti wengi wakakunja mikeka, na hata baada ya vifungu vile kulegezwa 2019, tabia ya kuogopa ilikuwa imeshaingia mwilini. Nilimjibu kwamba siipingi. Benki Kuu inapotaka kujua thamani ya shilingi inakwenda wapi nchi nzima, kapu la shilingi zote linafaa. Ninachosema ni kwamba namba hiyo haijibu swali la yule mama, na mimi ndiye niliyeipeleka ikamjibu. Wa tatu alisoma, akaniambia kwa upole kwamba nikiandika hivi nitaonekana sijasoma. Huyo sikumjibu. Nilikuwa nimeshaonekana sijasoma, tena hewani, mkoa mzima ukisikiliza.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka 1973 alikuwa kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Alipenda kuisimulia. Redio ilizungumza, watu wamekaa chini ya mti na kijitabu chao, kisha redio ikazimwa na hapo ndipo kazi ilipoanza: wanabishana, wanaulizana, wanaamua, wanakwenda kuchimba choo. Nilipokuwa kijana nilidhani anajisifia choo. Sasa naona alichokipenda ni ile sehemu ya kuzima redio. Sisi wataalamu wa leo tunaalikwa, tunasema, simu tatu, tangazo la biashara, asanteni kwa kunisikiliza. Hakuna anayejua kilichoendelea kwenye benchi baada ya hapo.

Niliporudi redioni, Januari 2024, nilikwenda na mizani. Nilimwomba mtangazaji tununue mafungu mawili ya nyanya, moja soko la Chifu Kingalu na jingine kwa muuzaji wa barabarani, yote ya jero, tuyapime hewani. Watu wakaanza kupiga simu kabla sijataja neno mfumuko. Wa Mgeta alipiga kutuambia kwamba jero ileile kule shambani inakupa ndoo ndogo msimu wa mavuno, na kwamba tusimsahau mkulima tunapofurahia bei kushuka. Hilo nalo sikuwa nimeliandaa. Nilisema hivyohivyo, kwamba sikuliandaa, na wiki iliyofuata tukalirudia.

Mwezi uleule Benki Kuu ilikuwa imeanza kutangaza riba yake mpya ya kuongoza sera ya fedha, asilimia 5.5. Nilijua swali linakuja, nikajiandaa na nusu ukurasa. Kijana akapiga: "Mtaalamu, hiyo benki yenye riba ya tano na nusu tawi lake liko wapi? Mimi kwenye kikundi chetu tunatozana kumi kwa mwezi." Sikumwambia suala ni la kitaalamu kidogo. Nilimwambia kwamba mlango ule ni wa mabenki, wao ndio wanaokopa pale kwa bei ya jumla, na kwamba kati ya pale na kikundi chake kuna mikono mingi na kila mkono unachukua chake. Akaniuliza ni mikono gani. Nikaitaja kadiri nilivyojua: gharama za benki, hatari ya mkopaji kutolipa, faida. Akaguna. Kipindi kikaisha kabla hajaridhika, na sidhani kama alikosea kutoridhika. Asilimia 10 kwa mwezi inahitaji maelezo mazito zaidi ya hayo, na bado natafuta namna ya kuyasema.

Ripoti naendelea kuandika kwa Kiingereza, kazi ni kazi. Ila sasa naanza na ukurasa wa Kiswahili, na sentensi inayokataa kusimama kwa Kiswahili naiacha mezani mpaka nijue ina ugonjwa gani. Nusu yake huwa ina ugonjwa wa kweli. Nusu nyingine ni Kiswahili changu tu. Nimesoma shule nyingi mno mbali na jiko.

Yule mama huniandikia kwenye WhatsApp, kwa kawaida jioni akishafunga. Mizani ile ya mzee nilimpa yeye. Mzee mwenyewe aliniambia nimpe. Hanitumii salamu wala maelezo, ananitumia mstari kama wa daftari lake: nyanya, fungu jero, gramu kadhaa. Mchele kilo. Mkaa debe. Wiki iliyopita niliandika kumwomba aje studio tuzungumze naye moja kwa moja, nimtambulishe kama mtaalamu mwenzangu.

Akajibu baada ya saa moja: "Saa ngapi hiyo? Saa sita mchana ninapakua."

Nikamwambia kipindi ni saa tano hadi saa sita.

"Basi hamisheni kipindi," akaandika.

Nimeongea na mtayarishaji. Anasema saa kumi inawezekana.